Kopo Lililoandikwa "Ya Mwisho"

Shemeji yangu tulimwita Mkavu, na niseme mapema kabla hamjamdhania vibaya: hakuwa mkavu wa macho. Haya alikuwa nazo za kutosha, hata za kuwagawia wasio nazo, na mimi ningekuwa wa kwanza kwenye foleni. Jina alilipata karakanani. Kazi yake ilikuwa kupaka jeli, ule uji mzito wa rangi unaopigwa juu ya faiba ili chombo kiwe laini na kisipitishe maji, na alichopaka yeye kilikauka. Mafundi wengine walikuwa na siku zao za kilio: unapaka leo, kesho unagusa, kidole kinanasa. Ya Mkavu ilikauka hata mawingu yakiwa yamekaa vibaya.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Niliingia karakana yake baada ya kuachwa na mume na kufukuzwa kiwanda cha vigae ndani ya mwezi mmoja, na kule kiwandani sababu ilikuwa mdomo wangu. Kwa mume pia, tukisema ukweli. Mkavu akanipeleka mbele ya wanaume saba akawaambia huyu ni fundi, na atakayemwita shemeji wa bosi akatafute kazi kwingine. Fundi wapi! Sikujua hata kushika brashi. Alinifundisha mwenyewe, pole pole, bila kunipigia kelele, nami nilikuwa nampigia yeye.

Karakana ilitengeneza masinki, mabeseni ya kuogea na matangi madogo, yote kwa kalibu, yaani umbo la kufyatulia. Kwenye kalibu jeli haina matata. Unaipaka kwanza kwenye uso wa kalibu, halafu unalaza faiba juu yake, kwa hiyo upande mmoja umefunikwa na kalibu na upande wa pili na faiba. Hewa haina pa kupenya, jeli inakauka. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua, na niliijua vizuri.

Kazi ya wazi ilikuwa ya Mkavu peke yake. Kazi ya wazi ni pale unapopaka jeli juu ya kitu kilichokwisha kujengwa, kama bwawa la zamani au tangi lililopasuka, na uso wa jeli unabaki unatazamana na hewa. Hapo ndipo mafundi wanapoumbuka. Chini inakuwa ngumu kama jiwe, juu inabaki inanata wiki nzima, kwa sababu hewa inaivuruga. Mkavu alisema jeli ni mtoto mwenye aibu, ukimtazama hamalizi kuvaa nguo. Dawa yake ni nta. Unayeyusha nta kidogo, ile ya mishumaa, katika maji ya kemikali yenye harufu ya kupasua kichwa, unachanganya kwenye jeli ya koti la mwisho tu, yaani tabaka la juu kabisa. Ukishapaka, nta inapanda juu yenyewe na kutanda utando usioonekana. Hewa inabaki nje na jeli inakauka. Lakini nta hiyo hiyo ikiingia koti la kwanza ni balaa, maana koti la pili halishiki juu ya nta, kama rangi isivyoshika ukuta wenye mafuta.

Haya yote nayajua leo. Wakati ule nilijua nusu. Nilijua kuna nta, lakini nilidhani anaitia palepale anapoanza kupaka, kama mtu anayetia chumvi chungu kikiwa jikoni. Sikujua kwamba anaichanganya mapema na kuiacha ikae. Na kuuliza sikuuliza, kwa kuwa mtu aliyetangazwa fundi mbele ya wanaume saba anaona haya kuuliza.

Mwaka huo binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, mimba kubwa, na Mkavu alikuwa hashikiki. Alitangaza kwamba mjukuu akizaliwa atakuwa anafunga kazi kila saa tisa aende akambebe. Wanaume wakamcheka, wakamwambia kubeba watoto ni kazi ya bibi. Akawajibu kwa uso wake ule usiotabasamu kwamba wamwonyeshe sheria hiyo imeandikwa wapi. Dada yangu aliniambia alikuwa anafanya mazoezi na mto wa kitandani, anautembeza sebuleni huku na huku.

Basi ikaja kazi ya bwawa. Kulikuwa na kituo cha mazoezi ya viungo, mwenye kituo mama mmoja mpole, na alikuwa na bwawa dogo la ndani la kuingia watu wanne, watoto wenye miguu dhaifu wakijifunza kutembea majini. Uso wake ulikuwa umechubuka, unawakwaruza watoto magoti. Mkavu akakubali kulipaka upya, makoti mawili. Jumatatu akafikisha vifaa kwenye stoo ya kituo: makopo mawili mapya na kopo moja la nusu. Jumanne homa ikamwangusha. Akanipigia simu asubuhi, sauti imekwama kooni, akasema nipige koti la kwanza, yeye akipata nafuu atakuja kupiga la mwisho.

Nikaingia stoo. Makopo mawili hayajafunguliwa, na lile la nusu, kifuniko kina vumbi, ubavuni limeandikwa kwa kalamu nene: YA MWISHO.

Sasa nawauliza, ninyi mngesoma nini? Mimi nimelelewa na mama ambaye ukifungua paketi mpya ya chumvi na ya zamani haijaisha unakula kofi. Ya mwisho ni ya mwisho! Ni iliyobaki, ni ya kumalizia, na kilichobaki ndicho kinachotangulia kutumika. Yeye alikuwa amemaanisha jeli ya koti la mwisho, yenye nta ndani, aliyoikoroga kwa mkono wake. Maneno mawili tu, na kila mmoja wetu alikuwa na maana yake kichwani.

Nikatia hadena, ile dawa ya kugandisha, nikapaka lote. Mchana koti lilikuwa kavu na linateleza kama sahani iliyooshwa. Nikajisifu. Nikajiambia leo nimempiku Mkavu kwenye kazi yake mwenyewe. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini koti la kwanza halinati hata chembe wakati linatakiwa linate ili lishike linalofuata. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mikono kiunoni, nikitamani wale wanaume saba wangekuwepo.

Alasiri akapiga tena. Akasema ile ya mwisho nisiiguse, ataipiga mwenyewe. Nikatazama kopo: tupu, nilikuwa nimelikomba hadi pembeni kwa brashi. Sikujua kosa ni kubwa kiasi gani, nilijua tu kwamba nimegusa nilichokatazwa, na kwamba ataona mimi bado ni yule wa kuelekezwa kila hatua. Ningesema palepale kwenye simu ingekuwa kicheko cha siku moja. Nikasema sawa shemeji. Halafu nikafungua kopo jipya, nikamimina nusu kwenye lile la YA MWISHO, nikafunga kifuniko, nikarudisha na vumbi lake kwa kidole. Nikajiambia jeli ni jeli.

Alhamisi akaja, skafu shingoni, pua imeziba hata ungemwekea petroli mbele asingeinusa. Akapitisha kiganja kwenye koti langu, akakunja uso, akauliza mbona kavu hivi. Nikasema juzi joto lilikuwa kali, na hapo sikudanganya, niliamini hivyo. Alikuwa bado na homa. Siku nyingine angepiga msasa kwanza. Siku hiyo alitaka kumaliza akalale, akapaka.

Ijumaa bwawa linanata. Akasema tuipe siku. Jumamosi linanata, na sasa limekusanya mbawa za wadudu, nywele na uzi wa taulo. Mkavu akachuchumaa ukingoni akagusa kwa ncha ya kidole, akaitazama alama ya kidole chake iliyobaki pale. Mwenye kituo alikuwa amesimama nyuma yetu pamoja na wafanyakazi wake wawili. Akawaambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba nta aliiweka, Jumatatu, aliikoroga mwenyewe, anaona kabisa mikono yake ikiikoroga. Ndipo nikaelewa. Nikainama, nikajitia kufunga kamba ya kiatu.

Akachukua kikwangulio akajaribu kona. Koti la juu likatoka lote kipande kizima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake koti langu likabaki laini, halijashikana na kitu. Akalisugua kwa kidole gumba. Fundi ni fundi, alijua alichokigusa.

"Nta iko chini," akasema. Halafu akanigeukia. "Koti la kwanza ulipiga jeli ipi?"

"Ile uliyoniachia, shemeji."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli. Ndiyo maana lilitoka kirahisi. Akatikisa kichwa kukubali, akasimama, akamwambia mwenye kituo kwamba kosa ni lake, amechanganya makopo, kichwa chake kimemchezea. Mama yule akasema hakuna neno, watoto watasubiri. Mimi nilikuwa bado nimeshika kamba ya kiatu.

Akaendesha gari mpaka kwao. Hapo akazima injini, akaniambia habari ya mama yake, niliyokuwa naijua juu juu tu. Mama yake alipoanza kupoteza kumbukumbu hakuna aliyegundua, kwa sababu alikuwa anasahau kwa kujiamini. Siku moja aliachiwa mtoto mchanga wa dada yake Mkavu. Akaenda kwa jirani, sufuria ikabaki jikoni, nyumba ikajaa moshi. Mtoto alitolewa akiwa hai, lakini sauti yake ni ya kukwaruza mpaka leo, na sasa ni mtu mzima.

"Mama aliapa ameipua ile sufuria," Mkavu akasema. "Alisema anaona mikono yake ikiipua."

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Mdomo huu, ulionifukuzisha kazi na ndoa, siku hiyo ukakaa kimya kama umeshonwa. Nilifikiria wale wanaume saba. Nilifikiria lile kopo na vumbi nililorudisha kwa kidole, maana kosa la kusoma vibaya husamehewa, lakini lile vumbi ningelielezaje? Nikamwambia apumzike, ni homa tu. Nikapanga kumwambia kesho yake.

Kesho yake binti alijifungua mtoto wa kike. Tukaenda wote. Dada yangu akambeba kwanza, kisha akamgeukia mumewe amkabidhi, na Mkavu akarudisha mikono nyuma. Akasema mpeni bibi yake. Watu wakadhani anaogopa kwa kuwa ni mchanga, wakamtania, wakamkumbusha mto. Hakucheka. Jioni alimwambia dada yangu kila kitu, na akamwekea sharti kwamba mtoto huyu asiachwe naye peke yake, hata dakika moja, hata akilia.

Bwawa nililipaka upya mimi. Nilikwangua lote, nikapiga msasa, koti la kwanza bila nta, la pili na nta, likakauka kama inavyotakiwa. Wakanipongeza. Mkavu mwenyewe alinipongeza, akanikabidhi funguo za karakana, akasema mikono yangu sasa ni ya kuaminika kuliko yake. Nilizipokea. Naandika hapa kwamba nilizipokea, ili asije mtu akanihurumia.

Miaka saba imepita hivyo. Alikataa kwenda kupimwa, akisema wakimwambia ndiyo, atafanya nini? Akaacha kuendesha gari. Akaanza kuandika kwenye daftari la shule: nimefunga gesi, nimefunga mlango, nimekunywa dawa ya presha, na dada yangu anapita nyuma yake kuhakikisha. Alikuwa anakaa sebuleni kwenye kiti cha karibu na mlango, ili akitoka aonekane. Na alikuwa hasahau kitu! Hilo ndilo lililokuwa linanikata maini. Ukimtajia tangi la mwaka wowote anakwambia rangi yake na mwenye tangi alilalamikia nini. Alikumbuka siku niliyozaliwa kuliko mimi. Kila alipokumbuka jambo, dada alininong'oneza kwamba leo ana siku nzuri. Ilikuwa miaka saba ya siku nzuri. Ila akiweka miwani mahali akaitafuta, kama mtu yeyote wa umri wake, nyumba nzima ilitazamana.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nilikuwa naipita kila Jumapili kwenda kula kwao. Mara tatu nilikwenda nimepiga moyo konde kusema. Mara ya kwanza nilikuta wageni. Mara ya pili nilimkuta amelala. Mara ya tatu hakukuwa na kisingizio chochote, tulikuwa wawili tu tunamenya viazi, akaniuliza karakana inaendeleaje, nikamweleza habari za karakana hadi viazi vikaisha.

Mjukuu alikua. Tunamwita Bi Maswali kwa sababu zinazoeleweka. Mwezi uliopita nilimfuata shuleni, mama yake alikuwa na dharura kazini, tukawa tunatembea ameshika kidole changu. Aliuliza mbona mbwa hawavai viatu, aliuliza mbona mimi sina mume, halafu kwa sauti ile ile akauliza:

"Bibi mdogo, babu ananiogopa nini?"

Nikamwambia hakuogopi. Akasema anaogopa, akikaa karibu naye babu anamwita bibi aje. Akasema labda ni kwa sababu yeye alizaliwa siku ambayo babu alianza kuumwa, alimsikia mama yake akisema hivyo kwa simu. Akanitazama kuona kama ndivyo. Mtoto wa miaka saba, alikuwa amepiga hesabu akaona kosa ni lake.

Jumapili iliyofuata sikusubiri hata chakula. Dada alikuwa anafuta meza, Mkavu yuko kwenye kiti chake cha mlangoni, Bi Maswali amelala tumbo sakafuni anachora. Nikabaki nimesimama. Nikasema yote, kuanzia chumvi ya mama yetu hadi vumbi nililorudisha kwa kidole, na jibu nililompa ukingoni mwa bwawa. Sikuruka kitu. Dada alisimama na kitambaa mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

Mkavu hakukasirika. Aliniuliza maswali ya kifundi, kama anakagua kazi ya mtu. Kopo lilikuwa na vumbi kwenye kifuniko? Ndiyo. Jeli yake ilikuwa nzito kuliko ya kopo jipya? Nyepesi kidogo. Nililikoroga kabla ya kutia hadena? Nililikoroga. Akafumba macho, nikaona vidole vyake vinacheza juu ya goti, vinakoroga.

"Kwa hiyo niliweka," akasema.

"Uliweka, shemeji. Uliweka vizuri kabisa."

"Basi mimi ni mzima."

Dada yangu alinitazama kwa namna ambayo tangu tuzaliwe tumbo moja hajawahi kunitazama, na mpaka leo hajanipigia simu, wala simlaumu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa kurudisha funguo, nilikuwa nazo mfukoni. Lakini Mkavu hakuwa na habari na mimi. Alilifunga daftari lake, akaliweka chini ya kiti, akanyanyuka. Akatembea hatua tatu hadi alipokuwa yule mtoto, akainama kwa shida, magoti yake si ya zamani, akafungua mikono yote miwili.

"Njoo babu akubebe."

Bi Maswali aliacha kuchora. Aliitazama ile mikono, hakusogea. Halafu akamgeukia dada yangu, kama alivyofundishwa tangu anaanza kutambaa, akauliza:

"Bibi, naruhusiwa?"

Babu yake alikuwa bado ameinama, mikono ameifungua, akisubiri jibu naye.